Sauti Iliyokaa Kizingitini

Jina lake kamili ni Loisi Mbeleje binti Ndahani, Ndahani wa Masima, wa Handali. Loisi alipewa na wamisheni wa Mvumi siku ya ubatizo. Mbeleje alipewa na bibi yake siku aliyozaliwa, na nyumbani hilo ndilo aliloliitikia. Masima, babu yake, ndiye aliyesimamisha msafara mzima wa pembe kule mtoni, akaketi juu ya mzigo wa kiongozi wao, akavuta tumbaku yake kwa raha zake, na hakuinuka mpaka walipokubali kumwomba maji kwa adabu. Ndahani, baba yake, mwaka wa njaa alichimba kisima mchangani kirefu hata sauti ya mchimbaji haikufika juu, na akanywesha humo ng'ombe za watu aliokuwa hasemi nao. Na Nyamizi, mke wa Masima, bibi yake Loisi, ndiye aliyeshika ngoma mama ya muheme pale Handali tangu akiwa mwali hadi meno yalipomwisha kinywani, na hata bila meno hakuna aliyethubutu kumwambia pumzika.

Asiyejua muheme aambiwe. Ni ngoma ya wanawake. Mwanamke huibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, huku shanga zikimruka shingoni, na mwenye ngoma mama ndiye anayeanzisha wimbo. Wenzake humwitikia, wengine wakikaa juu ya sauti yake na wengine chini yake, kama paa linavyoegemea nguzo. Mwenye ngoma mama akifa, ngoma hulazwa ndani hadi mavuno yajayo. Siku hiyo mrithi huitoa na kuianzisha mbele ya watu wote. Akiitikiwa, ni yake mpaka kufa. Asipofika, au akafika akashindwa kuitikiwa, huiweka chini, na ngoma ikishagusa ardhi bila kuitikiwa inahamia nyumba nyingine. Haikuwahi kuonekana ngoma iliyorudi.

Nyamizi alikufa masika, mtama ukiwa magotini. Kabla hajafumba macho alimtaja Loisi. Nyumba ya Sagala, ambao tangu zamani waliitamani ngoma ile, walilia msibani kama watu wote, kisha wakakaa mkao wa kula.

Wakati huo Wadachi walikuwa wamekwisha ifikisha reli Dodoma na kuipitisha mbele kuelekea Tabora. Loisi alikuwa mjane, kijana bado, hana mtoto, na alikuwa akifua na kupiga pasi katika nyumba ya Mdachi mmoja karibu na stesheni. Bwana huyo aliitwa Lorentsi, fundi mkuu wa madaraja. Mwaka uliotangulia homa ya mkojo mweusi ilimchukua, wakamzika nje kidogo ya mji. Akamwacha mkewe, Bibi Hedwig, pamoja na kinanda cha kukanyaga kwa miguu, na zeze moja la kwao, kubwa kama ndama, jekundu, lenye kiuno. Bwana Lorentsi alikuwa akilipiga zeze hilo kila jioni huku mkewe akikanyaga kinanda. Tangu alipokufa lilisimama pembeni limefunikwa shuka, na Loisi alipofagia alilizunguka kama anavyozungukwa mgonjwa.

Bibi Hedwig alikuwa amekwisha panga kurudi Ulaya. Ila alikuwa na neno moja moyoni. Siku ya kutimia mwaka wa mumewe, alitaka wimbo aliokuwa akiupenda marehemu upigwe pale kaburini, kwa kinanda na kwa zeze lile. Yeye mwenyewe alijua kinanda tu, na zeze hakumpata Mzungu wa kulipiga kutoka Morogoro hadi Kilimatinde. Lakini masikio yake yalikuwa wazi. Alikuwa amemsikia Loisi akiimba juu ya karai la kufulia, mkono mmoja ukisugua nguo na vidole vya mwingine vikigonga ukingo kwa mwendo mwingine kabisa, na hata siku moja havikugongana. Asubuhi moja akamwita sebuleni, akamketisha kitini, akaliondoa lile shuka.

Loisi alilitazama zeze, akapandisha kaniki yake kidogo, akalibana kwa mapaja kama anavyobana muheme. Bibi akashtuka. Baadaye alieleza kwamba kwao, enzi za mama yake, wanawake wa heshima walioshika zeze la namna ile waliketi upande, miguu yote imepelekwa kando kama mtu aliyepanda punda. Kisha akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba, na mpishi alitoa kichwa jikoni kuona kumetokea nini.

Siku za kwanza zilikuwa tamu. Mjomba wake Loisi alikuwa mpiga zeze, kwa hiyo upinde haukuwa kitu kigeni, wala ulimbo wa kuusugulia, wala nyuzi za utumbo wa kondoo. Bibi alisema kwao mtu huhangaika mwaka mzima kabla zeze halijaacha kupiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia. Kwa Loisi liliunguruma siku ileile kama fahali anayesikia mvua. Bibi akamfundisha kupanda sauti moja moja mpaka juu na kuteremka moja moja mpaka chini, akaiita ngazi. Ngazi ya kwanza ilikuwa ngazi kubwa, na Loisi aliipanda bila kutoka jasho, maana ilipita karibu na njia za nyumbani. Jioni akapita mbele ya jiko shingo juu.

Mpishi aliitwa Mrisho, mtu wa mjini, Mwislamu, mjukuu wa Wanyamwezi walioletwa na misafara wakalowea. Walikuwa wakitaniana kwa haki ya makabila yao, Wagogo na Wanyamwezi, na Mrisho hakuacha haki hiyo ipotee bure. Akamwuliza kama sasa aanze kumwamkia shikamoo. Loisi akamjibu kwamba ilikuwa imechelewa.

Ndipo ikaja ngazi ndogo.

Kwao Bibi huiita moli. Wimbo wote wa kaburini ulikuwa humo, na Bibi alisema hakuna kugusa wimbo kabla ngazi haijakaa sawa. Sauti mbili za kwanza hazikuwa na neno. Ya tatu ndiyo iliyomla Loisi.

Masikio ya Handali yana mahali pawili pa kuiweka sauti hiyo. Pa kwanza pako juu, napo panacheka. Pa pili pako chini, pamekaa kama mtu aliyechuchumaa kuota moto. Watu huzaliwa wakipajua kote kuwili, hakuna anayefundishwa. Loisi alipiga ya juu. Bibi akasema juu mno. Akapiga ya chini. Bibi akasema chini mno. Loisi akamtazama, maana hapakuwa na pengine. Bibi akageukia kinanda, akabonyeza kidole kimoja, na ikatoka sauti iliyokaa katikati, kizingitini, haiko ndani wala haiko nje.

"Bibi," akasema Loisi kwa upole, maana ilikuwa mali ya watu, "hicho kinanda kimeharibika hapo."

"Hakijaharibika. Ndivyo kilivyo. Tena."

Akarudia. Kidole kilipanda chenyewe kwenda kule kwenye kicheko. Tena. Akakibana kishuke, kikaporomoka mpaka kwenye moto wa kuota. Tena. Bibi hakuwa mtu wa kufoka. Alisema neno hilo moja kwa sauti ileile asubuhi na jioni, na hicho ndicho kilichomchosha Loisi, maana mtu akifoka unaweza kumchukia ukapumzika. Alikuja kujua uchungu wa kushindwa na kitu kidogo. Yeye aliyeweza kushika wimbo wa wanawake wote wa Handali bila kuyumba alishindwa na upana wa ukucha. Ncha za vidole zilimchubuka, zikaota sugu, na sugu hazikujua njia zaidi kuliko ngozi ilivyoijua.

Siku moja alisimamisha upinde akauliza kwa nini wimbo wa marehemu usipigwe kwa ngazi kubwa ambayo anaiweza. Bibi akamweleza kwamba ngazi ndogo ndiyo sauti ya huzuni.

"Kwetu huzuni iko kwenye maneno," akasema Loisi. "Mtu akifiwa tunamwimbia kwa sauti zilezile za mavuno. Yanabadilika maneno tu, na watu wanalia."

Bibi akaweka mikono mapajani. "Kwetu," akasema mwishowe, "huwa hatuna maneno. Tuna hii tu." Akabonyeza tena ile sauti ya kizingitini, akaiachia mpaka pumzi ya kinanda ikaisha. Loisi akamwonea huruma. Lakini huruma haikumsaidia kidole.

Kiangazi nacho kikamwongezea. Upepo wa Dodoma ulipoanza kukausha kila kitu, zeze lilianza kulia lenyewe ndani ya chumba, pa, pa, kama kuni mbichi motoni, na Bibi akaogopa litapasuka. Akaagiza bakuli la maji liwekwe chini yake usiku na mchana, na kitambaa kibichi kitandazwe juu ya kiti. Maji hayo Loisi aliyachota mwenyewe kwenye mchanga wa korongo chini ya Makole, mahali ambapo wanawake walichimba kwa kibuyu na kungoja yajikusanye, na kila aliyechelewa alingoja mpaka akasinzia. Walimwuliza anamchotea nani maji mengi hivyo, mjane peke yake. Akasema ya Bibi. Aliona haya kusema ni ya zeze. Alipoinama kujaza bakuli lile alikuwa akiliambia kimoyomoyo: unakunywa kuliko ng'ombe wa baba, na maziwa hutoi.

Mambo yalikuwa hapo alipofika mdogo wake, Priska, kutoka Handali, na mlenda mkavu kwenye kikapu. Priska huyu Loisi hakumwona kuwa mtu wa kuhesabiwa katika nyimbo. Alikuwa mzito wa kujifunza. Wimbo alioupata kwa taabu aliuimba vivyo hivyo siku zote, haongezi kikohozi wala hapunguzi, na Loisi, ambaye kila wimbo alioushika aliutia manukato yake, alimwita kibuyu: unachotia ndicho unachomimina. Priska alileta salamu za shangazi yao mkubwa, Mama Matonya, dada ya Ndahani, ambaye ndiye aliyesimamia mambo ya ngoma. Watu wamemaliza kupura mtama. Mwezi ukiandama, siku ya pili yake ngoma inatoka. Na nyumba ya Sagala wamekwisha tengeneza shanga mpya.

Loisi akapiga hesabu ya mwezi. Siku ya kaburi la Bwana ilikuwa inaangukia karibu sana na mwezi mchanga. Akaenda kuomba ruhusa aondoke mapema. Bibi alisikiliza yote, hata habari ya ngoma kugusa chini aliielewa, akasema naye kwa haki kabisa, na hiyo haki ndiyo iliyomtia Loisi hasira zaidi:

"Ukipiga kaburini, utaondoka papo hapo, na nguo za kazi nitakupa ziwe zako. Lakini kwanza ngazi. Sitampigia mume wangu wimbo uliopotoka."

Na kumtoroka tajiri siku zile ilikuwa ni kurudishwa na askari, ukiwa umetangulizwa mbele ya punda, na kiboko kikikungoja bomani. Loisi akarudi jikoni akakaa juu ya gogo. Priska alikwisha kwenda zake. Mrisho alimpa uji, akamwambia, "Tena," kama Bibi asemavyo. Loisi akamwangalia kwa jicho lililomfanya Mrisho akae chini na kuacha utani.

Akamshauri, kwa nia njema. Alisema kwao wajomba zake waliokuwa mafundi seremala hawakuyaamini macho yao hata siku moja, walitia alama. Achukue mkaa, atie alama shingoni mwa zeze, pale pale panapotakiwa.

"Kidole kikanyage alama, mtani, na sikio lako lilale usingizi. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," akasema Loisi. "Mjukuu wa Nyamizi nitiwe alama kama mbuzi wa kodi?"

"Basi. Tena."

Na hapo ndipo alipokosea njia, ingawa wakati ule aliona ndiyo anaipata. Wagogo hatujui kukipa kidole sauti ambayo koo halijaionja. Mpiga zeze kwetu huimba na zeze lake, na kidole hufuata kinywa kama mwana-ndama na mama. Kwa hiyo Loisi akaamua kuitia sauti ile kinywani. Kila alipopata nafasi alibonyeza kinanda, akaidaka kwa mdomo uliofumbwa, akatoka nayo nje kabla haijamponyoka. Alikwenda nayo Makole, akarudi nayo na mtungi kichwani. Alipiga nayo pasi. Alisaga nayo unga, akipanda ngazi ndogo jiwe likienda na kuteremka likirudi. Mwanzoni ilimponyoka mlangoni tu. Akarudi, akabonyeza, akatoka tena. Kule korongoni wanawake wakaanza kumpisha, wakinong'onezana kwamba yule wa Bibi analia tena, na mama mmoja mzee akamwuliza kwa huruma kama amefiwa. Loisi akasema hakufiwa. Mama yule hakuamini.

Taratibu sauti ikaacha kumponyoka. Ikawa inamngoja. Akiamka, imekwisha amka. Akijaribu kuimba wimbo wowote wa kazi, ile sauti inasogea karibu na kusikiliza, kama mgeni aliyezoea nyumba. Hakuona hatari. Aliona ushindi.

Asubuhi moja akakaa, akabana zeze, akapanda. Ya kwanza, ya pili, na ya tatu ikaanguka kizingitini, ikakaa. Akaendelea mpaka juu, akateremka, na njiani ikakaa tena palepale. Bibi aliondoa mkono kinandani. Safari hii hakusema, "Tena." Loisi alingoja furaha ije, na furaha haikuja. Alisikia uchovu tu, kama mtu aliyebishana mchana kutwa na mwishowe akakubaliwa na watu waliokwisha choka kumsikiliza.

Kaburini walikwenda watu wachache. Vibarua wa stesheni walibeba kinanda mabegani kama kitanda cha mgonjwa. Wadachi wenzake marehemu walivua kofia. Mrisho alisimama mbali kidogo amevaa kanzu safi, kwa kuwa alikuwa amemlisha Bwana miaka na aliona haki yake kuwapo. Loisi akaketi kwenye kiti kilichozama upande mmoja mchangani, akalibana zeze, upepo ukimpiga usoni, akapiga wimbo wote. Ulikuwa mrefu, wa kwenda polepole, na kila ulipopita kwenye kizingiti kidole chake kilikaa bila kuulizwa. Mdachi mmoja mnene alipenga kamasi kwa nguvu. Bibi hakulia. Alipomaliza kukanyaga alikaa akiangalia miguu yake mwenyewe, kisha akamgeukia Loisi akamwambia neno moja ambalo Loisi alikuwa amelingoja tangu kiangazi kianze:

"Nenda."

Akaenda. Alilala Mvumi kwa watu wa mama yake, na kesho yake jua halijapanda akawa njiani, zile nguo za kazi zimefungwa kichwani. Njia nzima alikuwa akicheka peke yake. Amemshinda Bibi, amekishinda kinanda, amelishinda zeze lililokunywa maji ya Makole. Sasa anakwenda kwenye kitu asichohitaji kukishinda, maana amezaliwa nacho.

Handali walikuwa wamekwisha kusanyika. Akaamkiana na watu, mbukwa, mbukwa, akiitikiwa kila upande, na shangazi yake Mama Matonya akampokea bila maneno mengi, kama ilivyokuwa desturi yake. Ngoma mama ilitolewa ndani ilikolazwa tangu Nyamizi afe, ngozi yake ikapashwa moto ikaamka. Wanawake wakajipanga, ngoma zao mapajani, shanga shingoni. Wa nyumba ya Sagala walisimama pembeni, na mbele yao alikuwa Yudith, mke wa mtoto wao mkubwa, ambaye shanga zake mpya zilionekana kutoka mbali na zilikusudiwa zionekane.

Loisi akaibana ngoma. Mikono ilikuwa sawa; mikono haikusahau kitu. Akaipiga ikajibu, wenzake wakaingia nyuma yake, vumbi likainuka, na wazee waliokuwa wakizungumza wakanyamaza. Ndipo akafumbua kinywa aanzishe wimbo wa mavuno, ule wa Nyamizi. Sauti ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka. Ya tatu ikaanguka kizingitini.

Waitikiaji walikuwa wamekwisha vuta pumzi. Walioegemea juu hawakuona pa kuegemea, wakapanda zaidi. Walioegemea chini wakaporomoka. Na wimbo ukachanika katikati kama kaniki kuukuu. Ngoma zikasita, moja baada ya nyingine. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa.

Mama Matonya akainua mkono.

"Uko wapi, Mbeleje?"

"Niko hapa, shangazi."

"Hupo. Uko mahali pengine. Rudi."

Loisi akaanza upya. Safari hii aliiona inakuja, akaisukuma kwa nguvu iende juu, kwenye kicheko cha nyumbani. Ikapanda kidogo, ikasita, ikarudi kukaa kizingitini kama mbwa anayejua anapolala. Waitikiaji wakatawanyika tena. Akajaribu kuishusha kule motoni. Haikushuka. Kinywa kilikuwa chake, koo lilikuwa lake, na sauti ilikuwa ya kinanda. Kule Dodoma alikuwa anaambiwa juu mno, chini mno, na sasa kwao mwenyewe, ngoma ya bibi yake mapajani, anaambiwa hayupo. Machozi ya hasira yalimpanda, akayameza.

"Si amlete Bibi wake asimame hapa," alisikika Yudith wa Sagala akiwaambia wenzake, si kwa sauti kubwa, ila ya kutosha. "Awe anambonyezea."

Wanawake wakacheka, hata wa nyumba yake mwenyewe. Mama Matonya hakucheka. Alimtazama mpwa wake kwa muda, na kila mtu aliona inavyomuuma, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Weka chini, mwanangu."

Loisi hakuiweka. Aliibana zaidi, kama anayebana ndama asikimbilie mtoni. Kichwani mwake alimwona Mrisho na kipande cha mkaa mkononi. Alama moja tu ya mkaa, kidole kikanyage, na sikio alilorithi kwa Nyamizi lingelala salama mpaka lifike Handali. Yeye ndiye aliyekataa. Alikataa kwa kuwa alijua kuongeza, kunakshi, kuonja, kushika kila kinachopita.

Na hapo akakumbuka kitu alichokisikia bila kukisikiliza. Mara zote wimbo ulipochanika, wengine wakipanda na wengine wakiporomoka, palikuwa na sauti moja nyuma yake ambayo haikusogea. Ilikwenda moja kwa moja mahali pake ikakaa, kana kwamba Nyamizi ndiye aliyeanzisha. Loisi aligeuka. Alikuwa Priska, amesimama mwisho wa mstari, macho chini, anaona haya kwa ajili ya dada yake.

"Priska. Njoo hapa."

Priska akaja polepole, vile anavyokuja siku zote. Nyumba ya Sagala wakaanza kunung'unika, mmoja akiuliza hiyo ni desturi gani. Mama Matonya akawajibu, bila kugeuka, kwamba ngoma haijagusa ardhi, na kabla haijagusa ardhi ni ya nyumba ya Ndahani, na nyumba ya Ndahani ina mabinti wawili. Loisi akaitoa ngoma mapajani mwake, akaivusha juu juu bila kuishusha, akaibandika kwa mdogo wake.

"Dada, mimi siwezi," akasema Priska. "Mimi najua zile alizonifundisha bibi tu."

"Hizo hizo. Bana vizuri, isiteleze." Loisi alimkazia ukanda kiunoni, akasema naye karibu na sikio, lakini si karibu sana hata waliosimama wasisikie. "Uimbe alivyokuimbisha. Usiongeze, usipunguze, hata nikikusihi mimi. Nitasimama kwenye mstari nyuma yako, niitikie kama mtu yeyote. Na kazi yako nyingine ni hii: kila utakaponisikia nimekwenda kule kwa Bibi, geuka unitazame mbele ya watu wote, nione haya, mpaka sikio langu lirudi nyumbani. Usinihurumie. Haya, anza."